Mbinguni Hakuna Kipande

Juzi asubuhi, karibu na Soko la Chifu Kingalu, mama mmoja aliyeshuka kutoka mlimani aliniomba nimtwike tenga lake la ndizi na majani ya maboga. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani. Ilibidi nilipandishe kwanza kwenye goti, ndipo nilifikishe kichwani kwake. Lilipotulia juu ya kata, akanyoosha shingo, akasema huku anaanza kutembea: "Asante, baba. Sina cha kukulipa, Mungu atakulipa."

Nimeyasikia maneno hayo tangu utotoni na nimeyaitikia "amina" kama kila mtu, pasipo kuyafikiri. Safari hii yalinifuata mpaka nyumbani Mazimbu. Yule mama alikuwa na haraka ya kuwahi bei ya asubuhi, lakini kwa maneno matano alikuwa ametaja jambo ambalo wanateolojia wamebishana juu yake karibu miaka 2,000. Liko deni ambalo binadamu hawezi kulilipa, na deni hilo halipotei. Linahamia kwa Mungu.

Nataka kuizungumzia thawabu ya mbinguni, kwa sababu naona tunaipoteza. Sizungumzi kama mtu wa nje. Nimebatizwa, nimeimba kwaya, nimebeba kikapu cha sadaka, na natumaini kuzikwa kwa sala. Ndiyo maana jambo hili linaniuma.

Neno lenyewe, thawabu, ni letu sote, Wakristo na Waislamu. Hapa Morogoro nyumba moja inaweza kuwa na msalaba sebuleni na msala chumbani, na wote wanaoishi humo wanajua maana yake mtu akisema amefanya jambo kwa ajili ya thawabu: amefanya bila kulipwa na wala hangoji kulipwa. Fundi akimtengenezea yatima viatu na kukataa pesa, husema anatafuta thawabu. Waliotafsiri Biblia kwa Kiswahili walilitegemea neno hilo, na wakafanya jambo ambalo wengi wetu hatulioni. Kigiriki cha Injili kinatumia neno moja tu, misthos, kwa pesa ya kibarua na kwa kile ambacho Yesu anawaahidi wanaoteswa kwa ajili ya haki. Watafsiri wetu wakaligawa mara mbili. Kibarua wa shamba la mizabibu wakampa ujira. Wanaoteswa wakawapa thawabu. Nadhani walitufanyia wema mkubwa. Ujira unadaiwa; mwajiri asipokupa unamshtaki. Thawabu haidaiwi na mtu yeyote. Kosa letu la siku hizi ni kwamba tunaichukua ile thawabu tuliyopewa na kuirudisha iwe ujira.

Mazimbu ni mahali pazuri pa kuiona tofauti hiyo, maana ardhi hii imeyabeba yote mawili.

Kabla ya madarasa na mabweni, hapa palikuwa shamba la mkonge. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Katika miche 1,000 aliyoagiza kutoka Florida, 62 tu ilifika ikiwa hai, na kutokana na hiyo 62 likaenea zao ambalo baadaye liliifanya Tanganyika kuwa ya kwanza duniani kwa mkonge. Watu wa hapa mlimani hawakuupenda. Mluguru alikuwa na shamba la ukoo wake, na hakuona sababu ya kuteremka bondeni kuchomwa na miiba ya mtu mwingine. Basi wenye mashamba wakatafuta vibarua mbali. Mwaka 1944 wakaanzisha SILABU, ofisi yao ya kukusanya watu, na malori yakaanza kuwaleta wanaume kutoka Kigoma, Songea na kwingineko. Wakaitwa manamba. Neno hilo limetokana na namba: mtu aliacha jina lake kwao, huku akapewa tarakimu.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Alikuja kutoka upande wa Kigoma, akakata mkonge miaka kadhaa, akamwoa binti wa Kiluguru, akakaa kwenye ardhi ya ukweni kama ilivyo desturi ya huku, ambako ukoo unafuata mama. Sikumkuta. Kutoka kwake nilichokikuta ni kipande.

Vijana hawakijui kipande, kwa hiyo nikieleze. Kilikuwa kadi yenye vyumba 30. Asubuhi kibarua alipewa kazi ya siku, idadi ya matita ya majani ya mkonge. Akiimaliza, karani alitia alama chumba kimoja. Asipoimaliza, hata kama ilibaki kidogo, siku ile haikuwapo. Vyumba vyote 30 vikijaa ndipo alipopanga foleni kupokea pesa. Mtu aliweza kufanya kazi mwezi mzima na zaidi, na bado kadi yake ikawa haijajaa, kwa sababu ya homa, mvua au nyapara mwenye kinyongo. Kipande cha babu kilikuwa na alama 26.

Nimekitaja kwa sababu naamini Wakristo wengi wa leo wanaifikiria mbingu hivyo. Wanaona Mungu amekaa na kalamu, na kila mmoja wetu ana kadi yake. Ibada ya asubuhi, alama moja. Fungu la kumi, alama moja. Kufunga Kwaresima, alama nyingine. Kadi ikijaa, kuna kasri. Ikipungua, kuna kibanda kidogo pembeni. Nimewahi kumsikia mzee wa heshima akisema msibani, kwa nia njema kabisa, kwamba marehemu "amekwenda kuchukua chake". Waombolezaji wakatikisa vichwa. Mimi nilibaki na lile neno, chake.

Yesu alilijua shamba la vibarua. Ule mfano wake wa shamba la mizabibu, katika Mathayo sura ya 20, naona ungewaudhi makarani wote wa mkonge. Mwenye shamba anaajiri watu alfajiri kwa dinari moja. Anaajiri wengine saa tatu, wengine saa sita, wengine saa tisa, na saa kumi na moja anawaokota waliosimama sokoni siku nzima bila wa kuwachukua. Jioni wote wanapewa dinari moja. Wale wa alfajiri wananung'unika, na kwa hesabu ya kipande wana haki. Lakini dinari moja ilikuwa chakula cha siku cha nyumba moja. Yule wa saa kumi na moja ana watoto wanaokula sawa na watoto wa yule wa alfajiri. Mwenye shamba hakutazama alama, alitazama sufuria. Kila nikiusoma mfano huo nakumbuka zile 26.

Sasa tutazame makanisa yetu. Kuna usharika mmoja, sitautaja, ambako niliona kadi za ahadi zimebandikwa ukutani karibu na mlango, jina kwa jina, na pesa iliyolipwa mbele ya kila jina. Nilisimama pale nikashikwa na baridi. Mwisho wa ibada ulifuata mnada, kama kawaida ya makanisa mengi: mayai, papai, mkungu wa ndizi, kuku aliyefungwa miguu. Ni desturi nzuri, naipenda. Asiye na noti anatoa alichovuna. Lakini siku hiyo aliyenunua kuku kwa bei kubwa alipigiwa vigelegele, akaitwa mbele, akapigwa picha. Aliyemleta yule kuku hakutajwa. Nilimwona akikusanya kamba aliyokuwa amemfungia, akaikunja vizuri, akaitia kwenye mkoba. Marko anasimulia kwamba Yesu alikaa mkabala na sanduku la hazina akiwatazama watoaji, na macho yake yakaishia kwa mjane wa senti mbili. Sisi tulikuwa tunatazama upande mwingine.

Katika Mathayo sura ya 6 Yesu anasema wanaotoa sadaka kwa tarumbeta wamekwisha kupata chao. Neno la Kigiriki lililo hapo ni lile wafanyabiashara wa zamani walilolitia kwenye stakabadhi: nimepokea, hakuna deni. Nikitangazwa, nikapigiwa makofi, risiti imeandikwa. Sina ninachodai tena, huku wala huko. Si kwamba Mungu amekasirika. Hesabu imefungwa tu. Kwa hiyo mchungaji anayesoma majina ya watoaji kuanzia mkubwa kushuka chini anadhani anawaheshimu, kumbe anawalipa papo hapo, kwa sarafu hafifu kuliko zote, na kuwamalizia lile walilokuwa nalo la kuingoja mbingu.

Kuna upotofu mbaya kuliko huo. Siku hizi mbingu haingojwi kabisa. Tunaambiwa tupande mbegu leo tuvune gari kesho kutwa. Kuna sadaka ya kujimaliza, mtu atoe hata nauli ya kurudi nyumbani ili Mungu alazimike. Alazimike! Tarehe 1 Februari 2020, pale Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana kwenye mkutano wa maombi, wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Maskini wale hawakuwa wajinga wala wenye tamaa. Walikuwa wagonjwa, wenye madeni, wenye watoto waliokosa ada, na walikuwa wameambiwa kwamba thawabu imemwagwa chini, anayewahi ndiye anayepata. Na jirani zetu wa Kenya walifukua kutoka msitu wa Shakahola, kuanzia Aprili 2023, miili zaidi ya 400, mingi ya watoto, ya watu walioambiwa wajinyime chakula mpaka wamwone Yesu. Moshi waliiteremsha mbingu iwe mali ya jioni hiyohiyo. Shakahola waliifanya mbingu kuwa sababu ya kuichukia dunia. Naona mzizi mmoja. Kote kuwili mbingu ni malipo yanayodaiwa kwa kutimiza sharti, na kuna nyapara anayeshika kadi.

Turudi Mazimbu, maana ardhi hii ina nusu yake ya pili.

Baada ya risasi za Soweto za Juni 1976, vijana wa Afrika Kusini walitoroka nchi yao kwa maelfu. Mwaka 1977 serikali yetu ikakipa chama cha ANC shamba la mkonge lililoachwa, hapa Mazimbu. Mwaka 1978 shule ikaanza, na mwaka uliofuata ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana wa Mamelodi aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na umri wa miaka 22. Mahali palipokuwa na magugu wakajenga shule ya msingi na ya sekondari, hospitali, karakana ya samani, mashamba, na kituo cha kulelea watoto kilichopewa jina la Charlotte Maxeke, mwanamke wa kanisa aliyepigania haki za wanawake wa nchi yake tangu mwanzo wa karne ya 20. Wanafunzi walibeba matofali asubuhi na vitabu mchana. Mafundi na vibarua wa Morogoro walijenga pamoja nao.

Wenye umri wangu wanakumbuka miaka hiyo hapa nchini ilivyokuwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, vita vya Kagera vikaanza 1978, na baada yake tukapanga foleni za sukari, sabuni na khanga. Tulikuwa nchi isiyojitosheleza, na bado tulitoa ardhi kwa watu ambao hawakuwa na nchi ya kutulipa. Luka anaandika kwamba Yesu alimwambia Farisayo aliyemkaribisha chakula: usiwaite rafiki zako na majirani wenye mali, maana watakualika nao utakuwa umelipwa, waite maskini, vilema na vipofu, utakuwa heri kwa sababu hawana cha kukulipa. Malipo yake yapo kwenye ufufuo wa wenye haki. Hayo ndiyo maneno ya mama wa tenga, kwa kinywa cha Bwana mwenyewe. Naamini ndicho kiini cha fundisho lote la thawabu. Kumpa asiyeweza kurudisha ni kuiacha hesabu wazi, na hesabu iliyo wazi upande huu inamfikia Mungu.

Najua mtu atasema tulilipwa. Mwaka 1992, safari ya kurudi kwao ilipowadia, ANC iliyakabidhi majengo yote kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, inayobeba jina lilelile la Solomon Mahlangu. Ni kweli, na nawashukuru. Lakini hakuna aliyeitia kampasi hiyo kwenye mahesabu ya 1977. Na waliokaa kwenye foleni ya sabuni sio waliopokea funguo. Wengi walikwisha kufa.

Yako makaburi hapa Mazimbu ya Waafrika Kusini waliokufa ugenini. Mimi hupita hapo jioni. Wengine walikufa vijana, kwa maradhi na ajali, wakiwa wamejifunza Kiswahili cha sokoni na kusubiri treni ambayo haikuja. Waraka kwa Waebrania, katika sura ya 11, unawataja watu waliokufa katika imani pasipo kuipokea ahadi, waliiona kwa mbali tu na kuipungia. Mbele ya mawe yale sura hiyo haihitaji mhubiri. Hata Oliver Tambo, aliyekuja kuifungua rasmi shule hii mwaka 1985, hakufika. Alikuwa Mwanglikana mwenye sala, aliyekuwa njiani kuomba upadre pale alipokamatwa Desemba 1956 kwa mashtaka ya uhaini. Aliongoza chama uhamishoni miaka 30, akarudi nyumbani akiwa mgonjwa, akafariki tarehe 24 Aprili 1993. Watu wake walipiga kura ya kwanza tarehe 27 Aprili 1994. Mwaka mmoja na siku tatu! Kama hakuna hesabu nyingine isiyokuwa hii yetu, basi mtu huyo alipunjwa, na siamini kwamba alipunjwa.

Chuo chetu kina majina mawili ya Aprili. Mahlangu alinyongwa Ijumaa. Edward Sokoine, Waziri Mkuu wetu, alifariki kwa ajali ya gari Dakawa, hapahapa mkoani, Alhamisi ya tarehe 12 Aprili 1984. Wote wawili walikufa siku chache kabla ya Jumapili ya Matawi. Dunia imewalipa ilichoweza: jina kwenye geti, sanamu, siku ya kumbukumbu. Ni vizuri. Ila nikisimama penye geti hilo nawafikiria pia manamba. Waliokata mkonge katika bonde hili na kufa mbali na kwao hawana jiwe, na karani aliyewaandika aliandika tarakimu. Kama mbingu ni jambo la kweli, kazi yake ya kwanza, naona, ni kuwaita kwa majina.

Wapo wanaosema fundisho hili ni dawa ya usingizi. Maskini anaahidiwa dhahabu ya kesho ili asiulize mkate wa leo. Sitaki kuwajibu harakaharaka, kwa sababu kuna wakati wamesema kweli. Mlima huu unajua ahadi za namna hiyo. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta mlimani kwa ahadi kwamba faida wataiona baadaye. Watu walichimba kwa shuruti, wakaona mazao hayaongezeki, na Julai 1955 upande wa Matombo wakakataa. Polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Bibi zetu walijifunza hapo kumwogopa mtu anayeahidi mavuno wakati jembe amelishika mwingine. Mahubiri ya mbingu yanayotoka kwa mwenye shibe kwenda kwa mwenye njaa yanastahili kuogopwa vivyo hivyo.

Lakini tazama waliolibeba tumaini hilo wenyewe. Trevor Huddleston, mtawa aliyepigana na ubaguzi Sophiatown kisha akawa askofu wetu wa Masasi kuanzia 1960 hadi 1968, hakulala. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa na desturi ya kwenda misa alfajiri, aliwaambia watawa wa Maryknoll huko New York mwaka 1970 kwamba kanisa lisiposimama na maskini dhidi ya mifumo inayowafanya maskini, litakuwa limejitia upande wa wanaowaonea. Mtu anayeamini kwamba kikombe cha maji baridi hakipotei mbele za Mungu ana sababu ya kukitoa hata pale ambapo hakuna kamera, matokeo hayaonekani, na waliopewa hawashukuru.

Hapa kuna jambo gumu, na silikwepi. Wengi wa vijana wa Mazimbu hawakuamini mbingu. Walisoma Marx, hawakutarajia taji wala kinubi, na wakatoa maisha yao. Mkristo anayefanya wema huku anachungulia kadi yake anapaswa kuona haya mbele yao. Katika Mathayo sura ya 25 wanaoambiwa waurithi ufalme wanashangaa: tulikulisha lini? Hawakujua kwamba kulikuwa na hesabu. Siwezi kuusoma ukurasa ule nikawafungia nje watu wa makaburi ya Mazimbu. Mwenye mamlaka ya kufunga si mimi.

Inasimuliwa kwamba Rabia wa Basra, mwanamke mchamungu wa Kiislamu wa karne ya 8, alionekana njiani ameshika mwenge mkono mmoja na ndoo ya maji mkono wa pili. Alitaka kuichoma pepo na kuizima jehanamu, ili watu wampende Mungu kwa ajili yake mwenyewe. Nampenda mama huyo. Hata hivyo sidhani Injili inatutaka tuichome pepo. Kuna malipo yanayolichafua tendo, na kuna malipo ambayo ni tendo lenyewe limekomaa. Kijana akimwoa binti kwa sababu ya mali ya baba yake, tunamdharau. Akimwoa ili aishi naye, nani atasema ametafuta faida? Mkulima wa Mgeta anapanda karoti ili avune karoti. Mavuno si hongo ya kulima. Katika Mwanzo sura ya 15 Mungu hamwahidi Abramu kitu kwanza. Anajitaja mwenyewe kuwa thawabu yake. Aliyejizoeza kuwapenda watu maisha yote anapewa mwisho wake Yule aliyekuwa akimpenda ndani yao. Asiyempenda hatapata furaha huko hata akipewa kasri.

Wakatoliki na Walutheri walitengana sana juu ya jambo hili. Walutheri walishikilia kwamba mtu huhesabiwa haki kwa neema kwa njia ya imani, na Mtaguso wa Trento mwaka 1547 ukayatetea mastahili ya matendo mema yanayofanywa katika neema. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, pande hizo mbili zilitia saini tamko la pamoja, na msingi wake hauko mbali na alilosema Augustino, Mwafrika wa Hippo, miaka 1,500 na zaidi kabla yao: Mungu akiyavika taji mastahili yetu, anavika taji zawadi zake mwenyewe. Hata Ufunuo unawaonyesha wale wazee 24 wakizivua taji zao na kuzitupa mbele ya kiti cha enzi.

Na kama thawabu hazilingani, je, mbinguni kutakuwa na wivu? Teresia wa Mtoto Yesu alipokuwa mdogo, huko Ufaransa, lilimsumbua swali hilo. Dada yake akachukua gilasi kubwa ya baba yao na kastabini ya kushonea, akavijaza maji vyote viwili, akamwuliza kipi kimejaa zaidi. Sijapata kuona darasa la teolojia linaloishinda meza ile.

Bibi yangu alikiweka kile kipande ndani ya kitabu chake cha sala, kwenye kurasa za litania ya wafu. Babu aliugua siku ya 26. Alipopata nafuu akarudi na kadi yake. Akaambiwa muda umepita, hakuna malipo. Hakulipwa hata senti. Aliishi mwaka mmoja tu baadaye. Nilikuwa darasa la 5 au la 6 bibi aliponionyesha, tumekaa kwenye mkeka nje, anachambua maharage. Nikazihesabu zile alama kwa kidole, nikazirudia, nikakasirika kama mtoto anavyokasirika.

"Bibi, pesa yake nani ataleta?"

"Mungu atazilipa, mume wangu. Siku zote 26."

Nikatazama vile vyumba vinne vilivyobaki vyeupe.

"Na hizi nne, ambazo alikuwa anaumwa?"

Akaendelea kuchambua, akatupa jiwe dogo uani, akapuliza ungo.

"Na hizo nne," akasema.